Bonde la Sabaki kwa miguu: mto ni wa kuteremkia, si wa kufuata

Swali la msomaji: "Shikamoo. Sisi ni walimu tisa wa hapa Malindi na tumechoka kila likizo ni bichi. Mwezi wa nane twataka kutembea siku mbili bonde la Sabaki, tuanzie darajani tufuate ukingo wa mto mpaka Baricho, tulale kijijini njiani, halafu turudi kwa matatu. Nimepima kwenye simu ni kama kilomita 40 hivi, yaani 20 kwa siku. Wawili kati yetu hawajazoea kutembea. Je, yawezekana? Twahitaji ruhusa ya nani? Na mamba je?"

Marahaba mwalimu. Swali lako limenifurahisha kweli, manake watu wa Malindi wenyewe wanaoijua Sabaki zaidi ya pale darajani ni wachache sana, wengi huipita kwa gari wakienda Mambrui ama Garsen na wanachokumbuka ni ile rangi ya maji tu. Mimi nimetembeza watu bonde hili miaka 13 sasa na bado kila msimu kuna kona naiona kama mgeni.

Lakini huo mpango ulivyo msiende nao. Utawavunja siku ya kwanza kabla ya adhuhuri, na si kwa sababu ya hao wawili ambao hawajazoea, ni kwa sababu simu imekuchorea mstari kando ya mto na kando ya mto hakuna njia. Tazama watu wa bondeni wanavyoishi. Nyumba ziko juu, kwenye mgongo wa kilima ambako maji ya mafuriko hayafiki, na mashamba ya bamia na mchicha na migomba yako chini karibu na maji, kwa hivyo njia zao zote ni za kuteremka na kupanda, kutoka boma kwenda shambani, kutoka boma kwenda mtoni kuteka maji, kutoka boma kwenda barabarani. Hakuna mtu mwenye kazi ya kufuata ukingo kutoka kijiji hiki mpaka kile. Ukijaribu utakutana na matete yamekupita kichwa, tope, mikondo ya zamani ambayo mto uliiacha ukahamia kwengine, shamba la mtu limezungushiwa miba, na huko ndani ya matete ndiko kiboko anakolala mchana. Halafu hizo kilomita 40 ni za mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru. Sabaki inapinda na kupinda tena, ukifuata kila pindo utashangaa.

Kwa hivyo mtembee juu, mgongoni, kijiji kwa kijiji, na mteremke mtoni pale wenyeji wanapoteremka, kwenye bandari zao za maji, mtazame, mpumzike, mpande tena. Ukishakubali hivyo mambo mengine yote yanakuwa mepesi, utajua mnakula wapi, mnapumzika wapi, nani ataulizwa mkichelewa.

Ningekuwa nyinyi ningefanya hivi. Siku ya kwanza mchukue matatu asubuhi mpaka Kakuyuni, mshuke hapo, mtembee kuelekea Jilore mkibaki upande huu wa kusini wa mto, mlale Jilore. Siku ya pili mrudi kwa gari mpaka daraja la Sabaki, mtembee kuteremka hadi mdomoni, mto unapoingia baharini. Baricho iacheni, pale pana mitambo ya maji ambayo sisi sote wa Malindi, na Kilifi na hata Mombasa, twanywa kutoka kwayo, pazuri kupaona, lakini mpaende siku nyingine kwa gari. Na zaidi ya Baricho, kupanda kuelekea Sala ambako ni mlango wa Tsavo Mashariki, msitembee kwa miguu bila askari wa wanyamapori, kule ndovu wanatoka mbugani wanakuja mashambani na ndovu wa namna hiyo ashakorofishana na watu, hana subira.

Mwezi wa nane mmechagua vizuri sana. Masika ishapita, kusi inavuma, jua halichomi kama la mwezi wa pili au wa tatu, mahindi yamekauka mashambani ama yashavunwa kwa hivyo mnaona mbali. Ila mujue kitu kimoja kuhusu mto huu ambacho hata watu waliozaliwa Malindi hukisahau. Sabaki haina uhusiano na mawingu ya Malindi. Maji haya yametoka vilima vya huko Nairobi, yakaitwa Athi, yakapita Ukambani yakibeba ule udongo mwekundu, yakakutana na mto Tsavo yakaitwa Galana, na yakifika kwetu ndiyo Sabaki. Huu ndio mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Sasa mvua ikinyesha Nairobi na Machakos, maji yanatufikia siku kadhaa baadaye, na wewe umesimama Jilore mbingu nyeupe kabisa hakuna hata wingu la kufunika jua.

Hili lilinipata mwenyewe, mwezi wa kumi na moja, nikiwa na watu saba. Tulivuka na mtumbwi asubuhi kwenda upande wa Magarini, maji yametulia, mchanga waonekana katikati ya mto. Saa tano hivi nikateremka bandarini peke yangu kuangalia, nikaona povu. Povu la rangi ya chai ya maziwa, limejikusanya pembeni, limebeba vijiti na majani na kipande cha ndara. Mchanga wa katikati umepungua nusu. Mwenye mtumbwi alikuwa tayari ameuvuta juu ameufunga kwenye mkoche, na nilipomuuliza kama atatuvusha akaniangalia tu, akasema mto umekuja. Tulilala ng'ambo siku mbili, tukazunguka kwa gari kupitia darajani. Hakuna aliyeumia lakini mmoja wa wale watu alikuwa na dawa zake za sukari upande wa pili, na usiku ule sikulala. Tangu siku ile sivushi kundi. Mtachagua upande mmoja na mtabaki upande huo. Mkiona povu na vijiti, mnapanda juu, hamsubiri kuona itakuwaje.

Haya, mamba. Wapo, na viboko wapo, mpaka karibu na mdomo wa mto, na watu wameuawa na wote wawili kwa hivyo si hadithi ya kutishia watoto. Mamba anawinda pale watu na mifugo wanapokanyaga maji kila siku saa ileile, anajifunza ratiba. Kwa hivyo bandarini hamgusi maji, hamnawi uso, hamvui viatu mupige picha mkiwa mmezamisha miguu. Simameni mbali na maji, hatua kumi si nyingi. Kiboko yeye hatari yake ni asubuhi mapema na jioni, usiku anatoka kula nyasi na mahindi ya watu, alfajiri anarudi mtoni, na ukisimama kwenye kijia chake katikati yake na maji atapita juu yako. Kijia chake mtakijua, ni kama mifereji miwili sambamba na katikati nyasi zimesimama. Ndiyo maana nawaambia muanze kutembea mgongoni saa moja asubuhi, lakini msiteremke mtoni kabla ya saa mbili na nusu, na ikifika saa kumi jioni muwe mshapanda.

Ukiteremka saa hizo ndipo utaona jambo ambalo mimi sichoki kulitazama. Kina mama hawateki maji mtoni kwenyewe kama wanaweza kuepuka. Wanachimba kishimo mchangani, hatua chache kutoka kwenye maji, kina chake mkono mpaka kiwiko. Maji ya kwanza yakiingia ni mekundu kama ya mtoni, wanayachota kwa kata wanayamwaga. Ya pili wanayamwaga. Ya tatu yanakuja meupe, yamechujwa na mchanga, na hapo ndipo mama anaanza kujaza jerikeni ya lita 20, kata moja moja, bila haraka, na katika muda wote huo anachota kwa mkono tu, macho yako mtoni. Anaongea, anacheka na mwenzake, anamkaripia mtoto, macho hayaondoki mtoni. Ukitaka kuwafunza watu wako namna ya kukaa karibu na Sabaki usiwape hotuba, waambie wamtazame yule mama. Na msimpige picha kabla ya kumuomba.

Nije kwenye ruhusa. Kwa njia za kijijini hakuna tiketi, lakini kuna wenyewe. Andikeni barua fupi yenye majina yenu na namba za vitambulisho, mupeleke kwa chifu ama naibu wake wa kule mtakakolala, na aliye muhimu zaidi kwa kweli ni mzee wa mtaa, manake chifu yuko ofisini na mzee wa mtaa ndiye ataamshwa usiku mkipotea. Kuna jambo zito lazima niliseme hapa. Shakahola iko bonde hilihili, upande wa juu, na tangu 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu la kufunga mpaka kufa ilipofukuliwa kule msituni, si haki kumtarajia mwenyeji akae kimya akiona kundi la watu wageni wamebeba mabegi wanapita vichakani bila mwenyeji. Watu wana haki ya kuuliza mwaenda wapi na nani amewaleta. Mjibuni vizuri, kwa kirefu, mkisimama. Kama mnapita Jilore pia mtaona msitu wa Arabuko-Sokoke uko pale kusini mwenu, usimshawishi mtu akate njia ndani yake, ule ni msitu wa serikali wenye ndovu wake na kuingia kwake kuna taratibu na ada zake kwenye geti.

Mtafute kijana wa hapohapo wa kuwaongoza, nyinyi tisa chukueni wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Si kijana wa Malindi mjini aliye na kitambulisho cha utalii tu, awe wa kijiji kile, manake heshima yote mtakayopata mtaipata kwa sababu ya kwao. Malipo mpatane siku kabla, na mimi hupima hivi: naulizia kibarua cha kulima shamba siku nzima pale kijijini ni pesa ngapi, kisha namlipa kijana zaidi ya hapo, kwa sababu siku ile ameacha shamba lake na amebeba usalama wa watu. Pia muwe na kitu cha mzee wa mtaa na cha nyumba mtakayolala. Peremende za kugawia watoto njiani sizipendi kabisa, zinawafunza kukimbilia wageni barabarani. Nyinyi ni walimu, mkitaka kutoa pelekeni madaftari shuleni, mkononi mwa mwalimu mkuu.

Chakula mwagize siku moja kabla na mtume pesa ya kununulia, usimfikie mama wa watu na midomo kumi na moja saa saba mchana. Mkiagiza mapema mtakula vizuri: sima, mboga ya mutsunga ile chungu kidogo iliyotiwa nazi, kuku wa kienyeji, mbaazi, na siku ya bahati kambare wa mtoni. Mwaweza kukaribishwa pombe ya mnazi. Anayekunywa aonje, lakini jioni, safari ikishaisha. Saa tano za mchana na jua lile ni kichwa kuuma na miguu kulegea, nimeona watu wazima wakikaa chini ya mwembe hawasimami tena.

Sasa hao wawili wenu. Hao ndio mtakaowapangia safari, si nyinyi wengine. Kwenye njia ya udongo ulioshikana mtu wa kawaida hutembea kilomita 4 kwa saa, lakini kule juu kuna mchanga sehemu nyingi na kuna kusalimiana, na salamu za Wagiriama si "mambo, poa" halafu wapita, utaulizwa umeamkaje na watoto wameamkaje na kwenu je, kwa hivyo hesabu kilomita 3 kwa saa na msivuke kilomita 12 kwa siku nzima. Wakae mbele, nyuma ya kijana wa kwanza. Ukimweka mtu dhaifu nyuma, kila mkipumzika yeye anafika nyinyi mwasimama muondoke, hapumziki hata mara moja. Maji lita 3 kila mtu kwa nusu siku, na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mgawane, manake mtu anayetoka jasho sana akinywa maji matupu tu bado ataumwa kichwa. Maji ya mtoni msinywe bila kuchemsha na yale yaliyosimama kwenye vidimbwi msiingie, kichocho kipo pwani yetu.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli nene, miba ya mgunga inapenya ndara bila kuuliza. Kina dada mubebe leso mbili mbili, moja ya kujifunga mkipita vijijini na nyingine itakuwa shuka, pazia, mto wa kulalia. Ramani ishusheni kwenye simu mkiwa mjini, kule bando linakatika, na kama mwaweza pateni ile ya Survey of Kenya ya 1:50,000. Vilima havijahama. Mto wenyewe umehama, kwa hivyo msiamini mstari wake wa bluu.

Nyoka hatari zaidi kwa mtembezi kule ni kifutu, wengine humwita bafe, kwa sababu hakimbii, amelala njiani rangi yake na majani makavu ni moja. Mwangalie mnapokanyaga na msitie mkono kwenye kichuguu wala chini ya gogo. Mtu akiumwa msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, mlazeni, mguu usitingishike, mmpakie garini haraka. Hospitali ya Malindi ndiyo yenu ya karibu, na Watamu kuna Bio-Ken, wale wa nyoka, wanaoijua kazi hiyo kuliko wengi. Kwa hivyo namba ya mwenye gari wa Kakuyuni au Jilore iwe kwenye simu za watu watatu, si mmoja.

Mkifika Jilore mchana panda pale juu ukae, utaona bonde lote, na mto ukiwa umefurika mwaka ule utaona na maji ya ziwa Jilore yanang'aa kule chini. Hapo nawaomba mzungumze kidogo, nyinyi ni walimu. Ng'ambo ile ya kaskazini ndiyo ardhi ambayo mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama waihame, wavuke waje kusini, nyumba zikachomwa. Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikuwa ameshawaapisha watu mwaka uliotangulia, akakamatwa, akapelekwa mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Kaburi lake liko Bungale, hukohuko Magarini, ng'ambo. Watoto wetu wanaisoma habari hii darasani kama nchi ya mbali, na hapa mtu ananyoosha kidole tu. Na mkikuta karibu na boma mbao zimesimama zimechongwa mfano wa mtu, hivyo ni vigango vya kuwakumbuka marehemu wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, msiviguse msiviegemee. Vimeibwa vingi sana, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za watu Marekani, na vichache ndivyo vilivyorudishwa, kwa hivyo mwenyewe akikukatalia picha anajua anachokikataa.

Siku ya pili, mdomoni, hesabu yenu ni ya mwezi wala si ya saa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana saa nne za asubuhi hivi, halafu kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Chagueni siku ya bamvua. Mtoke darajani saa mbili na nusu na kijana wa kijiji cha Sabaki, mteremke maji yakiwa yanatoka, mfike matope yamefunuka yote, na mkae hapo yakianza kurudi, kwa sababu maji yakijaa yanawasukuma ndege kuja karibu. Mwezi wa nane kuna ndege mmoja mdogo wa kahawia, mabawa marefu kama ya mbayuwayu, anatoka Madagaska, anazaa huko halafu anakuja kwetu kati ya mwezi wa nne na wa tisa, na hapa Sabaki ni moja ya mahali pake pakubwa Kenya nzima. Wanakaa juu ya mchanga mamia kwa mamia wakielekea upepo wote upande mmoja, na usiwakaribie, ukiwainua mara mbili tatu wanapoteza nguvu za kurudi kwao. Heroe pia mwaweza kuwaona. Ila msikanyage kuvuka mdomo wenyewe hata maji yakionekana ya magotini, chini ni tope laini na mkondo unavuta kuelekea baharini, na ikifika saa sita muwe mnarudi.

Kitu cha mwisho, wewe mwenyewe na mwenzako mmoja mwende Jilore Jumamosi moja kabla ya likizo. Panda matatu, ufike, uulizie nyumba ya mzee wa mtaa, umkabidhi barua mkononi, mle pale, muone mahali mtakapolala na choo kiko wapi, na umuulize bandari ipi inatumika mwaka huu. Ya mwaka jana huenda mto ushaila.